Siku za Mei Ukingoni mwa Mto Barrow

Alhamisi: Muine Bheag hadi Borris

Treni ya kutoka Dublin kwenda Waterford hushusha abiria Muine Bheag, mji mdogo wa kaunti ya Carlow ambao wenyeji wengi bado huuita Bagenalstown, na kutoka kituoni hadi Mto Barrow ni mwendo wa dakika chache tu. Nilikusudia kuufuata mto huo kuelekea kusini hadi Graiguenamanagh, kijiji kilichopo kwenye mpaka wa kaunti za Kilkenny na Carlow, nikae huko siku kadhaa na kusikiliza habari za mahali hapo. Sikuwa nikitafuta habari za kutikisa nchi. Nimefanya kazi ya redio nyumbani Kenya kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenifundisha kwamba nani amefariki, mto umejaa kiasi gani na mechi ya watoto itaanza saa ngapi ni mambo ambayo mtu hawezi kukaa siku mbili bila kuyajua. Nilitaka kuona jinsi mahali padogo pa Ireland panavyojipatia habari zake, na ni nani anayeifanya kazi hiyo.

Barrow ni mto wa pili kwa urefu nchini Ireland baada ya Shannon, wenye kilomita 192 kutoka milima ya Slieve Bloom hadi baharini karibu na Waterford. Mwishoni mwa karne ya 18 ulitengenezwa upitike kwa mashua za mizigo: palipokuwa na maporomoko kulijengwa kizingiti cha mawe, na kando yake mfereji mfupi wenye loki, yaani chumba cha maji chenye milango miwili ya mbao ambamo mashua hupandishwa au kushushwa. Loki hizo ni 23. Mashua zilikokotwa na farasi waliotembea ukingoni, zikibeba shayiri, makaa ya mawe na pombe, hadi malori yalipoichukua biashara hiyo katikati ya karne ya 20. Farasi wamekwisha kuondoka, lakini njia yao imebaki, ukanda wa majani mabichi unaofuata maji, na leo ni njia ya waendao kwa miguu yenye urefu wa kilomita 114.

Juu ya majani hayo kumekuwa na mvutano mkubwa. Miaka michache iliyopita palitolewa pendekezo la kuiwekea njia hii kokoto ngumu ili baiskeli zipite kwa urahisi, na kwa upande wa Carlow kibali kilikataliwa. Kila niliyesimama kuzungumza naye leo, akiwemo mkulima aliyekuwa akikata majani ya saileji, alikuwa na msimamo wake kuhusu jambo hilo na alinieleza bila kuulizwa. Baada ya kutembea kutwa nzima juu ya ardhi laini, huku vichaka vya miiba vikiwa vimefunikwa na maua meupe, naelewa kwa nini wengi walipigania majani yabaki. Hata hivyo nilimfikiria mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi katika kiti cha magurudumu kwenye daraja la Goresbridge, ambaye hakuweza kushuka mita hamsini kutoka hapo, na sidhani shauri hili limekwisha kwa haki mpaka na yeye apatiwe njia.

Borris ipo juu kidogo, mbali na maji. Jioni niliona daraja la zamani la reli lenye matao 16 ambalo treni imeshaacha kupita, kisha nikalala mapema.

Ijumaa: Borris hadi Graiguenamanagh

Sehemu hii ya mto ndiyo nzuri kuliko zote. Bonde linabana, misitu inashuka hadi ukingoni, na pale Clashganny loki na kizingiti vimekaa chini ya mlima kama ngazi mbili za nyumba moja. Watoto wa vijiji vya jirani huogelea hapo majira ya joto. Leo maji yalikuwa bado ya baridi, na aliyekuwemo ni mzee mmoja tu, aliyeniambia kwamba yeye huingia kila siku ya mwaka.

Graiguenamanagh inaonekana ghafla baada ya kona: daraja la mawe lenye matao saba, maghala marefu ya zamani yaliyoelekea gatini, mashua za kukaa watu zikiwa zimefungwa kamba, na nyuma yake Mlima Brandon, wenye mita 515, ambao ni mrefu kuliko yote ya Kilkenny. Upande wa pili wa daraja panaitwa Tinnahinch, na huko ni Carlow. Kwa mgeni mahali hapa ni kijiji kimoja. Kwa serikali ni viwili: halmashauri mbili na takataka zinazochukuliwa kwa utaratibu tofauti. Kwa hurling, mchezo wa Kiayalandi wa mpira na magongo, ndiyo mbali zaidi, kwa sababu Kilkenny imetwaa ubingwa wa Ireland mara 36 na Carlow haijautwaa hata mara moja. Ndiyo maana mwaka 2024, Carlow ilipotoka sare na Kilkenny katika mashindano ya jimbo la Leinster, habari hiyo ilikuwa na uzito juu ya daraja hili kuliko mahali pengine popote duniani, na kuna watu wa Tinnahinch ambao bado wanaianzisha wenyewe katika mazungumzo.

Niliingia katika duka lililo karibu na daraja kununua mkate, na hapo nikakuta nilichokuja kukitafuta. Kando ya mlango palikuwa na ubao uliojaa karatasi. Nilizisoma zote, na muuzaji hakuona ajabu: mbwa aliyepotea na alama ya jeraha kwenye sikio, kikao cha watu wa mradi wa kinga ya mafuriko, mwito wa kujitolea Jumanne jioni kupanda maua kwa ajili ya mashindano ya vijiji nadhifu, ambayo Ireland imeyaendesha tangu 1958, bahati nasibu ya klabu ya michezo, mwalimu wa filimbi anayetafuta wanafunzi, trela inayouzwa. Chini kabisa palikuwa na ubao mdogo mweusi wa kuandikia chaki, ambao uliwahusu wavuvi: kina cha maji, rangi yake, samaki gani ameonekana na wapi.

Muuzaji, mama wa makamo, aliniambia habari ambayo haikuwa ubaoni. Usiku wa kuamkia leo alifariki mzee aliyekuwa mkulima upande wa mlimani. Hakuwa na haja ya kuiandika. Redio ya KCLR, inayohudumia kaunti za Carlow na Kilkenny, husoma matangazo ya vifo, na tangazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuwekwa kwenye RIP.ie, tovuti ya matangazo ya vifo ambayo nchi nzima huifungua kila asubuhi. Wasomaji wangu wa Kenya waliokulia karibu na redio ya KBC wanajua nyumba inavyonyamaza matangazo ya vifo yanaposomwa. Hapa ni vivyo hivyo. Tovuti hiyo ilianzishwa mwaka 2005, ikanunuliwa na gazeti la Irish Times mwaka 2024, na tangu Januari 2025 tangazo moja hulipiwa euro 100. Mama yule alilitaja jambo hilo kwa uchungu, nami nakubaliana naye kabisa. Tangazo la kifo ni njia ya kumfikishia jirani habari ili aje azike, na familia maskini isipoweza kulipa, hasara ni ya kijiji kizima.

Jumamosi: Graiguenamanagh

Leo ilikuwa Komunyo ya Kwanza ya watoto wa darasa la pili, nayo ilifanyika katika Abasia ya Duiske, kanisa ambalo watawa Wasistersia walianza kulijenga baada ya William Marshal kuwapa ardhi hapa mwaka 1204. Ni kanisa kubwa kuliko yote yaliyojengwa na shirika hilo Ireland. Utawala wa Henry VIII uliwafukuza watawa mwaka 1536, mnara uliporomoka mwaka 1744, na katika miaka ya 1970 na 1980 paa na kuta zilikarabatiwa kwa michango na kazi za watu wa parokia yenyewe. Sakafu ya leo iko juu sana kuliko ya kwanza, kwa sababu kifusi hakikuondolewa chote, hivyo ukitaka kuuona mlango wa kale wa watawa lazima ushuke kwenye shimo lililoachwa wazi kwa makusudi.

Palipokuwa na sanamu ya jiwe ya shujaa wa zamani, aliyelala na vazi lake la minyororo, mkono ukiwa kwenye upanga, nilimwona msichana wa miaka minane akiwa amevaa gauni jeupe la satini, ameinama akifunga gidamu ya kiatu na kuuegemeza mkono wake kwenye goti la shujaa huyo. Mama yake alimwambia asimame wapigwe picha. Pale pale padri akapita, akamuuliza jina la nyanya yake, na alipolisikia akacheka, kwa kuwa aliwahi kuifungisha ndoa ya mama wa msichana huyo mahali hapo hapo.

Kwa siku tatu zilizopita mazungumzo ya dukani yalikuwa gauni, nywele, na kasri za mpira za kurukia watoto ambazo zilikuwa zimekwisha kukodishwa zote. Watoto hupewa kadi zenye pesa, na mchana waliranda kijijini nyumba kwa nyumba kujionyesha kwa majirani. Kuna watu walioniambia kwa masikitiko kwamba sherehe imemeza ibada. Huenda. Lakini nilichokiona ni kwamba leo watoto wote wa rika moja walipita mbele ya macho ya kijiji kizima, wakatambuliwa kwa majina na koo zao, na wale wawili ambao wazazi wao walihamia kutoka nje ya nchi walishangiliwa sawasawa na wengine.

Jioni nilipita karibu na kinu cha sufu cha Cushendale, ambacho bado husokota na kufuma hapa hapa kijijini, kisha nikaketi gatini. Pale nilielezwa kuhusu mafuriko. Mto huu hufurika wakati wa baridi na maji huingia katika nyumba za gatini, na mradi wa kinga kwa ajili ya Graiguenamanagh na Tinnahinch umezungumzwa kwa miaka mingi. Mwenye nyumba mmoja alinionyesha mstari aliouweka kwa wino ukutani, kimo cha paja langu. Anataka ukuta ujengwe kesho. Jirani yake, ambaye nyumba yake iko juu zaidi, anahofia kwamba ukuta utakitenga kijiji na mto wake. Walibishana mbele yangu kwa heshima, wakiitana kwa majina ya utotoni, na ilikuwa wazi kwamba wamebishana hivyo mara nyingi na wataendelea.

Jumapili: Graiguenamanagh

Baada ya misa kila mtu huondoka na karatasi ya matangazo ya parokia, na mimi niliisoma yangu mara mbili. Ina nia za misa za juma zima, majina ya marehemu wanaokumbukwa mwaka wa kwanza, kiasi cha sadaka ya juma lililopita kwa euro na senti, zamu za wasomaji, siku ya kufagia makaburi, na matokeo ya bahati nasibu. Misa yenyewe hurushwa kwa kamera kwenye intaneti, kwa hiyo mtoto wa hapa aliye Sydney au Boston anaweza kuliona kanisa lake na kujua nani anakohoa kwenye benchi la tatu. Katika nchi ambayo imewapeleka watu wake ng'ambo kwa karne mbili, kamera hiyo imeziba pengo ambalo barua hazikuweza kuliziba.

Mzee aliyeketi nami aliponiuliza natoka wapi, nikasema Kenya, hakuuliza kuhusu simba. Aliuliza kuhusu Iten. Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrick lilianzishwa mwaka 1808 huko Tullow, mji wa Carlow hii hii, na ndilo lililompeleka Bruda Colm O'Connell katika shule ya St Patrick's Iten mwaka 1976, ambako baadaye alimfundisha David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Mzee alikuwa akizijua sekunde hizo kwa kichwa. Alizitaja kana kwamba ni habari za mtoto wa jirani, na kwa hesabu yake ndivyo ilivyo.

Mchana kulikuwa na mechi ya hurling ya watoto walio chini ya miaka 12. Gongo la mchezo huu huchongwa kwa mti wa ashi, kutoka sehemu ya chini ya shina inapoanza kupinda kuwa mzizi, ili nyuzi za mbao zifuate umbo la gongo lisivunjike. Ugonjwa wa kuvu unaoiua miti hiyo uligunduliwa Ireland mwaka 2012, na sasa misitu ya nchi haitoshelezi mahitaji ya wachongaji. Baba mmoja aliyesimama kando yangu alikuwa na gongo lililopasuka. Alilikaza kwa mkanda wa bati na misumari midogo akiwa amechuchumaa kwenye majani, akalirudisha kwa mwanawe kabla ya kipindi cha pili. Hakuna anayelipwa katika mchezo huu, si hawa watoto wala wachezaji wakubwa wanaojaza uwanja wa Croke Park. Chama chake, GAA, kilianzishwa Thurles mwaka 1884, na mtu kwa kawaida huchezea parokia aliyozaliwa. Ndiyo maana bahati nasibu ile ina maana: euro mbili za tiketi ndizo zinazolipia mipira, taa na bima ya uwanja.

Nilikwenda pia nyumbani kwa marehemu. Sikumjua, na nilikuwa na wasiwasi, lakini muuzaji wa duka alinihakikishia kwamba mlango huwa wazi kwa kila mtu na kwamba kutokwenda ndiko kungehitaji maelezo. Marehemu alikuwa amelazwa chumbani katika suti yake. Watu walipanga foleni, wakaishika mikono ya wafiwa mmoja baada ya mwingine, wakasema maneno machache yale yale, kisha wakapelekwa jikoni kwa chai na mikate iliyotiwa nyama. Vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa waliongoza magari barabarani. Jikoni niliona karatasi iliyobandikwa kwenye friji yenye majina ya majirani na saa zao: nani analeta maziwa, nani anaosha vikombe, nani anakamua ng'ombe wa marehemu asubuhi na jioni. Aliyekulia kwetu, ambako majirani hukesha matangani na kupika kwa sufuria kubwa, hahitaji kufafanuliwa karatasi hiyo.

Jumatatu: Graiguenamanagh

Mazishi yalikuwa saa tano asubuhi. Maduka ya barabara kuu yalifunga milango jeneza lilipopita, yakafungua tena likishapita. Waliovaa fulana za klabu walisimama safu mbili barabarani, kwa kuwa marehemu aliwahi kukata majani ya uwanja kwa miaka mingi bila malipo. Kaburi lilikuwa limechimbwa na majirani.

Mchana nilitembelea chama cha kuweka na kukopa, kile tunachokiita sacco. Nilimkuta karani na wateja watatu, nao walikuwa wakizungumzia mazishi. Mahali kama hapa ofisi ya aina hii imebeba mzigo mkubwa zaidi kuliko zamani: mwaka 2012 na 2013 serikali ilifunga vituo vya polisi 139 nchini, mwaka 2018 ilitangazwa kwamba ofisi za posta 159 zingefungwa, na mwaka 2021 Benki ya Ireland pekee ilifunga matawi 88 katika jamhuri. Kila mlango unapofungwa, kijiji hupoteza pia mahali ambapo watu wawili wangekutana na kupashana habari. Waliofanya hesabu hizo, naamini, hawakuwahi kuupima upotevu huo, na ungeweza kupimwa: ungemuuliza tu karani ni wazee wangapi huja kuchukua euro ishirini ambazo hawazihitaji siku hiyo.

Usiku droo ya bahati nasibu ilifanyika katika baa ya gatini. Namba nne zilitolewa, hapakuwa na mshindi, na zawadi kubwa ikasogezwa juma lijalo.

Jumanne: St Mullins na kurudi

Asubuhi nilishuka na mto hadi St Mullins, mwendo wa zaidi ya saa moja. Hapo Mtakatifu Moling alianzisha nyumba ya watawa katika karne ya 7, na mabaki ya makanisa yamezungukwa na makaburi ambamo wafalme wa Leinster wamelala pamoja na wakulima wa juzi. Chini ya kijiji, kwenye loki ya mwisho, maji ya bahari yanayopanda na kushuka hukoma.

Mwezi wa Mei hupanda pia samaki adimu wa jamii ya heringi, mwenye magamba ya fedha, anayetoka baharini kuja kutaga kwenye kokoto za hapa. Ni mito michache sana ya Ireland anakoendelea kuonekana. Wavuvi wa ndoana walikuwa wamesimama majini hadi mapajani, na mmoja wao alimnasa mbele yangu: alilowesha mikono kwanza ili asimvue utando wake, akamtoa ndoana bila kumwinua juu ya maji, akamshikilia akiwa ameuelekea mkondo mpaka akajitikisa na kwenda. Aliniambia hao walikuwa wamechelewa mwaka huu kwa sababu ya baridi, na kwamba jana na leo ndipo walipoanza kuingia kwa wingi. Aliponiona najiandaa kurudi kwa miguu, aliniomba nifikishe habari hiyo dukani, darajani, kwa kuwa simu haishiki vizuri bondeni.

Niliifikisha kabla ya saa nane. Mama wa duka aliniuliza nimewaona kwa macho yangu au nimeambiwa, wangapi, na upande gani wa loki, maswali ambayo mhariri mzuri angeuliza. Nilipomjibu alichukua chaki, akafuta kina cha maji cha jana, akaandika kipya na chini yake habari za samaki, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri petroli ya mashine ya kukatia majani na kumkumbusha kwamba maua yanapandwa leo jioni saa moja na kwamba aje na koleo lake.